Sura ya Nne: Mkubwa Asiyejua Jina Lake

Kabla reli haijafika stesheni ya Mwanza, tawi lake moja linachepuka Igogo na kuteremka hadi Bandari ya Mwanza Kusini. Linaingia gatini, na pale ambapo mgeni angedhani safari imekwisha kwa kuwa mbele ni maji matupu, reli inaendelea juu ya sitaha ya meli. Mabehewa ya mizigo yanasukumwa moja baada ya jingine mpaka yanajipanga melini, kisha meli inang'oa nanga kuelekea Port Bell, Uganda. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zilizopanda miamba ya Igogo tuliijua honi ya meli hiyo kabla hatujaweza kusoma jina lake: MV Umoja.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kupakia mizigo bandarini, alipenda kutuambia, "Hiyo ni kazi ya Mwingereza, wajukuu zangu. Mwingereza alijua chuma." Tuliamini, na kwa kipimo cha Kiswahili chetu hakukosea. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba MV Umoja iliundwa katikati ya miaka ya 1960 na kampuni ya Yarrow, huko Scotstoun, kando ya mto Clyde katika jiji la Glasgow, kisha ikaletwa Kisumu vipandevipande na kuungwa upya. MV Victoria, iliyobeba abiria wa Mwanza na Bukoba kwa vizazi, ilitoka kiwanda hichohicho mwaka 1960. Meli zilizotangulia ziwani, William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga na Rusinga, ziliundwa Paisley, mji jirani wa Glasgow. Hata miongoni mwa injini za mvuke za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nyingi zilifuliwa Glasgow na kupewa majina ya makabila yetu. Mojawapo, namba 3020, iliyopewa jina la Wanyaturu wa Singida, imehifadhiwa Nairobi hadi leo.

Glasgow na Paisley ni miji ya Uskoti. Fundi aliyegonga ribiti za meli zile, ungemwita Mwingereza usoni, angekusahihisha papo hapo.

Nimelifikiria kosa lile la mzee wetu kwa miaka mingi, kwa sababu si la kwake peke yake. Ni kosa la lugha yetu nzima, na Waingereza wenyewe wamelifanya kwa karne tatu. Mwisho nikaja kuona kwamba sisi watu wa Bara tunalifanya kila siku nyumbani, juu ya ndugu zetu wa visiwani na juu yetu wenyewe. Nchi mbili zikiungana na moja ikawa kubwa mno, mdogo hulishika jina lake kwa mikono miwili. Mkubwa hulisahau la kwake, akachukua jina la muungano akadhani ndilo alilozaliwa nalo. Uskoti ni mdogo wa namna hiyo, na Zanzibar pia.

Neno moja, nchi nne

Kiswahili kilipata neno "Mwingereza" kutoka kwa Wareno. Neno hilo liliwahusu watu wa nchi moja, England. Baadaye likatanuka likafunika dola zima lenye nchi nne ndani yake: England, Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini. Mpaka leo mtangazaji wa mpira anaposema "Uingereza imefungwa", msikilizaji inabidi akisie ni ipi. Ili tusipotezane katika sura hii, nitaiita England kwa jina lake, na muungano wote nitauita Britania.

Mwambao huu wa kusini mwa ziwa ni mahali pazuri pa kuona jinsi majina hayo yalivyosafiri. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, ofisa wa jeshi aliyekuwa na nasaba ya mashambani kusini-magharibi mwa England, alipanda kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa. Kilima akakipa jina la Somerset, jimbo la kwao. Ziwa akalipa jina la Victoria, malkia wa Britania yote. Nyumbani kwake palikuwa Somerset, na dola lake lilikuwa la malkia. Katika majina yale mawili England yenyewe haimo. Kwa mtu kama Speke haikuhitaji kutajwa, maana kwake England na dola vilikuwa kitu kimoja.

Miaka ya 1870 akaja Alexander Mackay. Huyu alikuwa mhandisi, mwana wa mchungaji wa Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Alikwenda Buganda kwa niaba ya Church Missionary Society, chama cha wamisionari cha Kanisa la England, akafundisha dini na ufundi wa chuma. Wapinzani wake walikuwa mapadre Wafaransa wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao mwaka 1882 waliondoka Buganda na kuja kujenga misheni Bukumbi, si mbali na Mwanza. Waganda waliwatazama wageni hao na wafuasi wao, wakawapa majina mawili: waliofuata Uprotestanti wakaitwa Bangereza, na waliofuata Ukatoliki wakaitwa Bafransa. Makundi hayo yalipigana Mengo, penye kasri la Kabaka, mwaka 1892. Mskoti Mackay, aliyefariki Usambiro kusini mwa ziwa mwaka 1890, akaingia katika historia ya eneo hili kama mmoja wa vinara wa "Waingereza".

Waganda hawakukosea sana. Mwanahistoria Linda Colley, katika kitabu chake cha 1992 kiitwacho *Britons*, anaonyesha kwamba Ubritania wenyewe ulijengeka kwa njia hiyohiyo. Waingereza, Waskoti na Wawelisi hawakuanza kujiona wamoja kwa sababu walifanana. Walijiona wamoja walipomtazama Mfaransa Mkatoliki ng'ambo ya bahari, na waliposhirikiana kupigana naye na kugawana faida za makoloni. Alichokiona Mganda mbele ya kasri la Mengo kilikuwa mfano mdogo wa kile kilichoiunda Britania.

Ndoa ya 1707

England na Uskoti zilikuwa falme mbili zilizopigana kwa karne nyingi. Mwaka 1603 malkia wa England, Elizabeth wa Kwanza, alikufa bila mtoto, na mfalme wa Uskoti, James wa Sita, akairithi England pia. Mfalme akawa mmoja, lakini nchi zikabaki mbili, kila moja na Bunge lake. James alitaka aitwe mfalme wa Britania Kuu. Mwaka 1604 akajitangazia jina hilo mwenyewe, ingawa Bunge la England lilikataa kulipitisha. Mwaka 1606 ikashonwa bendera iliyochanganya msalaba wa Mtakatifu George wa England na ule wa Mtakatifu Andrea wa Uskoti.

Ndoa kamili ilichelewa karne nzima, na mshenga wake alikuwa ufukara. Kati ya 1698 na 1700 Waskoti walijaribu kuanzisha koloni lao huko Darien, Panama. Walikusanya sehemu kubwa ya mtaji wa nchi yao wakaupeleka huko, na wote ukapotea kwa homa, njaa na uadui wa Wahispania. England ilikuwa na masoko na makoloni. Uskoti ilikuwa na madeni. Mkataba wa Muungano ulipoandaliwa, England ilikubali kulipa pauni 398,085, na sehemu ya fedha hizo ikawafidia waliopoteza mali zao Darien. Watu waliandamana kwa hasira Edinburgh na Glasgow. Hata hivyo Bunge la Uskoti lilipiga kura ya kujivunja, na tarehe 1 Mei 1707 ikazaliwa Britania Kuu.

Katika Bunge jipya la London, England iliingia na viti 513, Uskoti 45. Uskoti ilidai mambo matatu yasiguswe: kanisa lake, sheria zake na mahakama zake. Shule na vyuo vyake navyo vikabaki na mfumo wao. Kwa hiyo kila Jumapili Mskoti alipokwenda kusali, kila aliposhtakiwa na kila alipompeleka mtoto shule, aliingia katika jengo la Kiskoti. Nchi yake ilipoteza Bunge ikabaki na mifupa yake.

Ukiacha kanisa lake, England haikudai kulindiwa chochote, kwa kuwa haikuona cha kupoteza. Bunge la muungano lilikaa palepale lilipokaa Bunge la England. Kiti cha enzi kilikuwa palepale, na benki kuu iliendelea kuitwa Benki ya England, jina lake hadi leo ingawa inaitumikia Britania nzima. Katika karne ya 18 baadhi ya Waskoti walijitahidi kuiita nchi yao Britania ya Kaskazini. Jina hilo lilidumu hata kwenye majina ya makampuni: waliounda injini yetu namba 3020 waliitwa North British Locomotive Company. Upande wa pili nani alikubali kuitwa Mbritania wa Kusini? Karibu hakuna. Mwingereza aliendelea kusema "England" huku akimaanisha Britania, na "Britania" huku akimaanisha England.

Mwaka 1966 England ilipochukua Kombe la Dunia uwanjani Wembley, mashabiki wake wengi walipeperusha bendera ya Britania, yenye msalaba wa Waskoti ndani yake, na hawakuona ajabu yoyote. Ilibidi ifike 1996, kwenye mashindano ya Ulaya yaliyofanyika kwao, ndipo msalaba mwekundu wa Mtakatifu George ulipojaa majukwaani. Kati ya miaka hiyo miwili makoloni yalikuwa yamekwisha, viwanda vya meli vya Clyde vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, na Waskoti walikuwa wakidai Bunge lao. Mdogo alipoanza kufungasha virago, mkubwa ndipo alipojiuliza: mimi peke yangu ni nani?

Bado hana jibu la hakika. Sensa ya 2011 ya England na Welisi iliuliza watu wanajiona wa taifa gani. Karibu asilimia 58 walijibu Mwingereza tu. Katika sensa ya 2021 waliojibu hivyo walishuka hadi asilimia 15 hivi, na waliosema Mbritania tu wakapanda hadi karibu asilimia 55. Taifa halibadiliki hivyo kwa miaka kumi. Kilichobadilika zaidi ni karatasi: katika sensa ya pili jibu la "Mbritania" lilitangulizwa juu ya orodha. Linganisha na Uskoti, ambako sensa ya 2022 ilikuta asilimia 65.5 wakijiita Mskoti tu, zaidi kidogo kuliko miaka kumi na moja nyuma. Mdogo anajua jina lake hata ukimwamsha usiku wa manane. Mkubwa anatia alama kwenye lililo karibu na kalamu.

Mwanafunzi wa Edinburgh

Kuanzia 1949 hadi 1952, kijana wa Butiama, upande wa pili wa mwambao wetu huu, alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Julius Nyerere aliishi katika nchi iliyomo ndani ya nchi, katika miaka ambayo jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti kubwa. Oktoba 1949 Waskoti walianzisha waraka wa kudai Bunge lao, ukatiwa saini zinazokaribia milioni mbili. Siku ya Krismasi ya 1950 wanafunzi wanne wa Glasgow walilichukua kutoka kanisa la Westminster, London, jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake na ambalo Waingereza walilipora mwaka 1296. Nyerere mwenyewe alisema baadaye kwamba fikra zake nyingi za siasa ziliiva akiwa Edinburgh.

Miaka kumi na miwili baada ya kurudi nyumbani, akiwa Rais wa Tanganyika, alikaa Zanzibar na Rais wa visiwa hivyo, Abeid Amani Karume. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea tarehe 12 Januari 1964. Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili, na Muungano wenyewe ukaanza tarehe 26 Aprili, siku ambayo udongo wa nchi mbili ulichanganywa katika chombo kimoja. Nchi ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 29 Oktoba jina likafupishwa kuwa Tanzania.

Nyerere alieleza waziwazi kwa nini walichagua serikali mbili. Kwa hesabu yake, Tanganyika ilikuwa na watu milioni 12, Zanzibar laki tatu. Kuunda serikali moja kungeonekana kama Tanganyika imeimeza Zanzibar. Kuunda serikali tatu kungeibebesha Tanganyika gharama za serikali mbili kwa wakati mmoja. Zanzibar ikabaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mambo ya Tanganyika yakakabidhiwa Serikali ya Muungano.

Sasa tazama bendera yetu. Kijani, nyeusi na mistari ya dhahabu zilikuwa za Tanganyika. Buluu ilitoka bendera ya Afro-Shirazi, chama cha Karume. Ni kazi ileile ya 1606, ya kushona vitambaa viwili kuwa kimoja. Tazama na mfumo: Wizara ya Afya iliyoko Dodoma ina jina la Jamhuri nzima, lakini hospitali za Unguja na Pemba ziko chini ya wizara ya Zanzibar. Huko London pia, wizara ya elimu ya Serikali ya Britania inasimamia shule za England, na za Uskoti zinaongozwa kutoka Edinburgh. Katika nchi zote mbili, mambo ya mkubwa yanaendeshwa ndani ya nyumba yenye kibao cha wote.

Lakini sisi tulikwenda mbali zaidi kuliko Waingereza. England haina Bunge lake, ila ina jina, ipo kwenye ramani, ina bendera na timu yenye jina hilo. Tanganyika ilipoteza vyote, hata jina. Ikaitwa Tanzania Bara, na Zanzibar ikaandaliwa jina la Tanzania Visiwani. Sisi tulipokea letu bila neno. Wazanzibari walilisikia lao, wakaliacha lipite, wakaendelea kuitwa Wazanzibari. Mwaka 2011, nchi iliposherehekea miaka 50 tangu 9 Desemba 1961, sherehe ziliitwa za Uhuru wa Tanzania Bara. Mwaka 1961 hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Bendera iliyopandishwa usiku ule ilikuwa ya Tanganyika.

"Wewe peke yako unaitwaje?"

Desemba 2017 nilikuwa kijiweni Igogo, jirani na muuza kahawa, tumezunguka redio. Kombe la Chalenji la nchi za Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) lilikuwa linachezwa Kenya, na siku hiyo Zanzibar ilikutana na Tanzania Bara. Kati yetu alikuwepo mfanyabiashara aliyezaliwa Wete. Mtaani kila mtu alimwita Mpemba, na wengi hawakujua jina alilopewa na wazazi wake. Zanzibar iliposhinda mabao 2 kwa 1, alisimama akapiga makofi peke yake.

Kijana mmoja akamgeukia. "Shehe, kulikoni? Kwani wewe si Mtanzania?"

"Mtanzania, ndiyo. Na nyie leo timu yenu yaitwaje?"

"Kilimanjaro Stars."

"Kilimanjaro mlima, kaka. Mie nauliza nchi."

"Tanzania."

"Tanzania ni mie na wewe. Wewe peke yako unaitwaje?"

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mzee mmoja alitaka kusema "Bara", akalirudisha neno. Mwenye kahawa akazungusha vikombe. Nilikaa pale nikitafuta jibu mimi mwenyewe, mtu niliyesoma historia ya nchi hii, na ulimi haukunipa neno nililozoea kulitumia.

Timu ya Zanzibar ilifika fainali mwaka huo, ikafungwa na Kenya kwa penalti. Ni mwaka huohuo, mwezi Machi, Zanzibar ilipopokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, na mwezi Julai ikafutwa kwa sababu si taifa huru. Uskoti si taifa huru pia, ila ilicheza na England mjini Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, katika mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambulika, miongo mitatu kabla ya FIFA kuundwa. Ilikuwepo mezani kabla sheria za meza hazijaandikwa. Zanzibar ilichelewa, na uchungu wake naufahamu vizuri zaidi tangu siku ile ya kijiweni.

Kwa nini hatulikumbuki

Kwa nini mtu wa Igogo haikumbuki Tanganyika kama Mskoti anavyoikumbuka Uskoti? Sababu ya kwanza ni umri. Jina Tanganyika tulipewa na maofisa wa Britania mwaka 1920, baada ya Wajerumani kushindwa, kwa kuazima jina la ziwa lililoko upande wa Kigoma. Lilidumu kama jina la nchi miaka 44 tu.

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Chini ya Tanganyika tulikuwa na majina mengine, nayo hayakuwa mepesi. Hata Usukuma ulianza kama jina la upande: *sukuma* ni kaskazini, *dakama* ni kusini, na watu waliitwa kutokana na mahali aliposimama anayewaita. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni uliwakusanya watemi wa eneo hili katika shirikisho moja la Usukuma, na kilichokuwa upande kikakomaa kuwa taifa dogo. Vivyo hivyo kila mkoa. Nchi ilipojitawala, viongozi walijua mahali majina hayo yangeweza kutupeleka. Kiswahili kikawekwa mbele. Vijana wa Mara walipelekwa shule Songea, wa Mtwara wakaja Mwanza. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. "Mtanzania" ni jina tulilolitolea jasho. Ndiyo maana ukimwita mtu wa Bara "Mtanganyika" anahisi unamrudisha nyuma.

Naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Mimi ni zao lake: baba na mama walitoka makabila mawili yasiyoelewana lugha, wakakutana Igogo, na Kiswahili ndicho walichonirithisha. Lakini tuna deni. Jina tulilolitengeneza ili tusiumizane sisi kwa sisi, tulilifunika juu ya mtu aliyeingia na lake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Zanzibar walikuwa 1,889,773, wakati Mkoa wa Mwanza peke yake ulikuwa na watu 3,699,872. Mkoa wetu mmoja ni karibu mara mbili ya nchi nzima ya Zanzibar. Mwenye wingi wa namna hii anaweza kumkalia mwenzake bila kukusudia, kama mtu mnene kwenye kiti cha daladala.

Mwaka ambao maswali yalikutana

Mkubwa amewahi kujaribu kujikumbuka. Mwaka 1993 wabunge 55, waliojulikana kama G55, walipeleka bungeni hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika. Nyerere, wakati huo akiwa amestaafu, alisimama kuipinga na kuandika kitabu kizima, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*. Aliogopa kwamba Tanganyika ikifufuka, uzito wake peke yake ungeuvunja Muungano, na kwamba anayeanza kubagua hatosheki: atakayejitenga na Wazanzibari leo atawatafuta wengine kesho. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa tayari imependekeza serikali tatu. Tume ya Jaji Warioba, iliyoandika rasimu ya Katiba mpya, ikapendekeza hivyo tena.

Ndipo ukaja 2014. Dodoma, Bunge Maalumu la Katiba lilibishana miezi kadhaa juu ya rasimu ya Warioba. Mwezi Aprili wajumbe wa upinzani wakatoka nje. Mbali na Dodoma, tarehe 18 Septemba, Waskoti walipanga foleni kujibu swali moja: Uskoti iwe nchi huru? Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya walioandikishwa. Asilimia 55.3 walikataa, 44.7 walikubali. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Oktoba, Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ya wananchi ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika.

London, asubuhi baada ya Waskoti kupiga kura, Waziri Mkuu David Cameron alisema ni wakati wa sauti ya England kusikika. Mbunge Tam Dalyell alikuwa ameuliza tangu 1977: ikiwa Uskoti itakuwa na Bunge lake, kwa nini mbunge wa Uskoti aendelee kupiga kura London juu ya shule za England? Utaratibu wa kuwapa wabunge wa England sauti yao ulianza 2015, ukafutwa 2021. Swali la Dalyell tunalo sisi pia. Mbunge wa jimbo la Unguja hupiga kura Dodoma juu ya maji na barabara za Nyamagana, jimbo letu hapa Mwanza, wakati mbunge wa Nyamagana hana kura katika Baraza la Wawakilishi. Mbara akiliuliza swali hili anaonekana mchoyo, na Mzanzibari akilisikia anahisi anasukumwa nje. Wote wawili wana haki. Wanakwama kwa sababu mmoja wao anazungumza akiwa na jina, na mwingine anazungumza kwa jina la wote.

Sitetei kuvunja kitu. Nimeona katika historia ya Britania kwamba mkubwa aliyechelewa kujitambua alijitambua kwa hasira, na hasira ni mwalimu mbaya wa utambulisho. Ningependa sisi tujifunze mapema na kwa utulivu. Mtoto wa Igogo afundishwe kwamba Tanganyika ilikuwepo, ilipata uhuru, ikatoa bendera na jina lake ili kitu kikubwa zaidi kizaliwe. Ajue kwamba sadaka hiyo ilikuwa yetu, na kwamba Zanzibar haikudaiwa kutoa ya aina hiyo. Akijua hivyo, atakaposikia mtu wa Wete akisema "mie Mzanzibari", hatasikia usaliti. Atasikia mtu anayejitambulisha, na yeye pia atakuwa na la kujibu.

Mara ya mwisho niliposhuka Igogo nilikaa kwenye jiwe nikiangalia mabehewa yakipakiwa MV Umoja. Kati ya gati na meli kuna daraja la chuma linaloinuka na kushuka, maana ziwa hili halitulii: kati ya 1961 na 1964 peke yake lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Vibarua waliinama wakikagua mahali reli ya nchi kavu inapokutana na reli ya meli, wakarekebisha, wakakagua tena. Hakuna aliyethubutu kuziunga kwa moto ziwe reli moja, kwa kuwa meli ingevunjika kwa wimbi la kwanza. Msimamizi alipoinua mkono, behewa la kwanza lilivuka polepole, likatoa mlio mdogo pale kwenye mwanya, likaingia melini.